Maji Ambayo Koki Haiyafikii: Kwa Nini Tangi la Usharika Linanuka na Tufanye Nini



Katika toleo hili tunapenda kujibu swali ambalo kamati za sharika zetu za wilaya za Tarime na Serengeti zimekuwa zikituletea mara kwa mara, kwa barua, kwa simu na hata baada ya ibada tunapowatembelea. Swali lenyewe ni hili: "Tangi letu la maji ya mvua linanuka. Tufanye nini?" Wengine wanaomba dawa ya kumwaga ndani. Wengine wamekata tamaa na wanaomba tangi jipya. Tumeona ni vema kulieleza jambo hili kwa kirefu, kwa faida ya kamati zinazotunza matangi na pia kwa wafadhili wetu ambao sadaka zao ndizo zilizoyajenga.

Tangi lililojaa, koki iliyofungwa

Miaka kadhaa iliyopita tulifika katika usharika mmoja wa Tarime kwa ziara ya kawaida ya ufuatiliaji. Tangi la saruji lililo kando ya kanisa lilikuwa zima, halina ufa, na lilikuwa na maji zaidi ya nusu. Lakini koki ilikuwa imefungwa kwa waya, na akina mama walikuwa wakipita mbele yake na ndoo vichwani wakitoka kuchota maji mtoni. Tulipouliza sababu, mzee mmoja wa kanisa alifungua koki akajaza kikombe na kutupatia tunuse. Maji yalikuwa na harufu ya yai viza.

Kamati ilikuwa imekwisha kuandika barua ya kuomba tangi la pili. Walidhani la kwanza limeharibika. Kabla ya hapo walikuwa wamemwaga dawa ya klorini mara mbili, na harufu ilipungua siku chache kisha ikarudi.

Tulipochunguza tuligundua kwamba kosa lilianza kwetu sisi ofisini. Katika mchoro wa tangi lile koki iliwekwa sentimita 20 juu ya sakafu. Tulifanya hivyo kwa makusudi mazuri, ili tope linalotulia chini lisitoke pamoja na maji ya kunywa. Lakini hatukuweka bomba lolote la kutolea yale yaliyobaki chini ya koki. Tangi lina kipenyo cha mita 3. Ukipiga hesabu, maji yaliyo chini ya koki ni zaidi ya lita 1,400, yaani ndoo 70 za lita 20. Maji hayo hayakuwa yametoka tangu tangi lilipojengwa. Kila msimu wa mvua uliongeza vumbi, majani na kinyesi cha ndege juu yake, wala hakuna aliyeweza kuyaona kwa sababu tangi lina mfuniko.

Tangi lile halikuwa limeharibika. Lilihitaji kusafishwa, na lilihitaji mlango wa chini ambao sisi hatukuupa.

Wavuvi wanalijua jambo hili

Ndugu zetu wa upande wa ziwa, kule Rorya na Musoma, hawatashangaa kusikia habari hizi. Mtumbwi wa mbao huingiza maji kidogo kidogo katika viungo vya mbao, na mengine huingia na wimbi au hudondoka kwenye nyavu. Mvuvi huyafua kwa kopo. Hata hivyo, yapo maji yanayobaki chini kabisa, katikati ya mbavu za chombo, mahali ambapo kopo halifiki. Watu wa pwani sehemu hiyo huiita ngama. Humo hukusanyika magamba ya samaki, damu, utelezi na pengine mafuta ya injini. Baada ya siku chache za jua chombo kizima kinanuka, na samaki waliowekwa chini wanaharibika mapema.

Mvuvi mzoefu hakitupi chombo chake kwa sababu ya harufu. Wala hadanganyiki kwamba kumwaga maji ya juu kunatosha. Hukivuta ufukweni, huondoa mbao za kukanyagia, huyafikia yale maji ya chini, husugua, kisha hukiacha kipigwe na jua na upepo. Tangi letu ni kama mtumbwi huo, isipokuwa sisi tuna mfuniko unaotuficha uchafu wetu.

Harufu inatoka wapi?

Maji ya mvua yanapodondoka kutoka mawinguni ni safi. Uchafu huyapata juu ya bati na ndani ya gata. Katika miezi ya kiangazi paa hukusanya vumbi la barabarani, majani, maua ya miti, kinyesi cha ndege na cha mijusi, na wakati mwingine panya aliyekufa ndani ya gata. Mvua ya kwanza huyasomba yote hayo na kuyaingiza ndani ya tangi.

Vitu vizito huzama na kuwa mashapo. Jambo hilo peke yake si baya. Kwa kweli kutulia kwa maji ni njia mojawapo ya kuyasafisha, na ndiyo maana maji ya katikati na ya juu katika tangi lililotulia huwa safi kuliko yale ya chini. Tatizo huanza pale mashapo yanapozidi na kukaa muda mrefu.

Ndani ya mashapo hayo wamo vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula majani na uchafu mwingine. Vinapokula hutumia hewa ya oksijeni iliyomo majini. Maji ya chini, yaliyofunikwa na yasiyotikiswa, hayapati oksijeni nyingine. Ikiisha, hubaki vijidudu vya aina nyingine ambavyo huweza kuishi bila oksijeni, na hivi ndivyo hutoa gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo ni ya sulfidi ya hidrojeni. Ndiyo ile ile inayonuka katika vyoo vya shimo na katika matope meusi ya kinamasi.

Wakazi wa kandokando ya Mto Mara wamewahi kuona jambo la namna hii katika kiwango kikubwa sana. Machi 2022 maji ya mto huo katika eneo la Kirumi yalibadilika kuwa meusi, yakanuka, na samaki wengi wakafa. Kamati iliyoundwa na Serikali ilieleza kwamba kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza katika eneo la kinamasi vilisababisha upungufu wa oksijeni ndani ya maji. Maelezo hayo yalijadiliwa sana na wananchi, na hapa si mahali pa kuufungua mjadala huo. Tunachopenda msomaji akumbuke ni kanuni moja: uchafu wa mimea na wanyama ukikusanyika katika maji yaliyotuama, oksijeni huisha, na rangi na harufu hubadilika.

Sasa tunaweza kueleza kwa nini klorini haikusaidia katika usharika ule. Klorini huua vijidudu, lakini pia hutumika kupambana na uchafu wowote inaokutana nao. Ukiimwaga katika tangi lenye tope, tope huimaliza kabla haijafanya kazi yake. Harufu hupungua kwa siku chache, kisha vijidudu vilivyojificha ndani ya tope huendelea na shughuli zao. Kwanza ondoa tope, ndipo utumie dawa.

Itambue harufu kabla ya kuchukua hatua

Si kila harufu ina chanzo kimoja. Tunazishauri kamati zichote maji katika chupa safi, ziyatazame kwenye mwanga na kuyanusa, kisha zilinganishe na maelezo haya:

Harufu ya yai viza: mashapo yamezidi chini ya tangi na oksijeni imeisha. Tangi linahitaji kusafishwa.

Harufu ya udongo au ukungu, na maji kuwa na rangi ya kijani: mwanga unaingia ndani na kuotesha mwani. Angalia kama mfuniko una nafasi, au kama tangi la plastiki limechakaa kiasi cha kupitisha mwanga.

Harufu ya mzoga: mnyama amefia ndani ya tangi, ndani ya gata au ndani ya bomba linaloleta maji. Acheni kuyatumia maji hayo mara moja, tafuteni mzoga, mwageni maji na kusafisha tangi lote.

Ladha ya saruji au chokaa: mara nyingi ni tangi jipya. Hupungua baada ya maji ya kwanza kumwagwa na tangi kujazwa upya.

Harufu ya plastiki au mpira: chunguzeni mpira wa maji na mabomba, hasa yanayopigwa na jua.

Tunaomba jambo moja lieleweke vizuri. Maji yasiyo na harufu si lazima yawe salama, kwa sababu vijidudu vingi vya magonjwa ya tumbo havina harufu wala rangi. Maji ya tangi yanayotumika kwa kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya kutibu maji nyumbani, hata kama tangi ni safi.

Kabla mtu hajaingia ndani ya tangi

Sehemu hii tunaiandika kwa uzito, na tunaomba isomwe kwa sauti katika kikao cha kamati. Katika usharika ule tuliousimulia, kijana mmoja mwenye moyo wa kujitolea aliingia ndani ya tangi na kuanza kukoroga tope kwa jembe. Baada ya muda mfupi alilalamika kizunguzungu, miguu ikalegea. Kwa neema ya Mungu alikuwa amefungwa kamba kiunoni, na wenzake waliokuwa juu walimvuta akatoka. Alipata nafuu baada ya kukaa kwenye upepo. Mambo yangeweza kuwa vingine.

Gesi ile yenye harufu ya yai viza hukaa ndani ya tope na hutoka kwa wingi tope linapokorogwa. Ni nzito kidogo kuliko hewa, hivyo hukaa chini, pale pale mtu anapoinama. Na ikiwa nyingi hufisha uwezo wa pua kunusa, hata mtu akadhani imekwisha. Aidha, ndani ya tangi lililofungwa muda mrefu hewa yenyewe inaweza kuwa haitoshi. Kwa hiyo:

1. Njia bora ni kusafisha bila mtu kuingia. Tumieni mpira wa maji, brashi yenye mpini mrefu na maji ya kusuuzia.

2. Ikibidi mtu aingie, kwanza toeni maji na tope kadiri inavyowezekana kutoka nje. Funueni mfuniko na matundu yote angalau siku moja kabla ili hewa ipite. Msitegemee mshumaa kupima hewa. Mshumaa hauonyeshi gesi yenye sumu, na moto ndani ya tangi lenye gesi ni hatari.

3. Anayeingia awe mtu mzima mwenye afya, avae mshipi au kamba inayopita kifuani na chini ya mabega, na juu wawepo watu wasiopungua wawili wanaoweza kumvuta. Azungumze nao wakati wote. Akinyamaza, avutwe.

4. Mtu akianguka ndani, asiingie mwingine kumwokoa. Katika visima, mashimo na matangi, mara nyingi wa pili hufa akimfuata wa kwanza. Avutwe kwa kamba kutoka nje, apelekwe kituo cha afya.

5. Pampu ya petroli isiwashwe ndani ya tangi wala mdomoni mwa tangi. Moshi wake unaua.

6. Watoto wa Shule ya Jumapili na wanafunzi wasitumwe ndani ya tangi eti kwa sababu wao ni wembamba na mlango ni mdogo.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka habari za nabii Yeremia katika sura ya 38, alipotupwa katika shimo la maji ambalo ndani yake hamkuwa na maji bali matope, naye akazama matopeni. Ebedmeleki Mkushi hakurukia shimoni kumfuata. Alikwenda na watu 30, wakamteremshia kamba pamoja na matambara ya kuweka chini ya makwapa, wakamvuta. Kamati ya maji yaweza kujifunza hapo.

Hatua za kusafisha

Wakati mzuri ni mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa yamepungua na kabla mvua hazijaanza. Kwa maeneo yetu ina maana ya kabla ya vuli na, kama tangi huchafuka upesi, tena kabla ya masika. Andaeni mpira wa maji mrefu, brashi, ndoo, sponji au matambara safi, sabuni ya unga kidogo na klorini ya unga kutoka duka linaloaminika.

Hatua ya kwanza: tumieni maji mazuri ya juu. Wapeni wananchi taarifa wachote mpaka koki ikauke. Yabaki yale ya chini tu.

Hatua ya pili: nyonyeni maji ya chini kwa mpira. Kwa tangi lisilo na bomba la kutolea uchafu, jazeni mpira maji hadi hewa yote itoke, zibeni ncha zote mbili kwa vidole, tumbukizeni ncha moja hadi sakafu ya tangi, na ncha nyingine iwe nje, chini zaidi kuliko sakafu ya tangi. Mkiachia, maji yatajivuta yenyewe pamoja na tope laini. Msianzishe kwa kunyonya kwa mdomo. Kama tangi limechimbwa ardhini na hakuna mteremko wa kutosha, tumieni pampu ya mkono au ndoo yenye kamba.

Hatua ya tatu: maji ya mwisho, ambayo mpira hauyafikii, yakaushwe kwa sponji. Hapa ndipo wengi huchoka na kuacha. Lakini hayo ya mwisho ndiyo yenye uchafu mwingi kuliko yote, na mkiyaacha mtakuwa mmewaachia vijidudu mbegu ya msimu ujao.

Hatua ya nne: sugueni kuta na sakafu kwa brashi na maji yenye sabuni kidogo, suuzeni, toeni maji ya suuzo yote. Tangi la plastiki lisisuguliwe kwa brashi ya chuma.

Hatua ya tano: tieni dawa. Utaratibu unaotumika ni kujaza robo ya tangi kwa maji safi, kunyunyiza klorini ya unga ya nguvu (ile yenye asilimia 65 hadi 70) gramu 80 kwa kila lita 1,000 za ujazo wote wa tangi, kisha kujaza tangi na kuyaacha maji kwa saa 24. Koki zifunguliwe kidogo mpaka harufu ya klorini isikike, kisha zifungwe, ili dawa ifike ndani ya mabomba. Maji hayo hayanywewi. Yamwagwe yote mbali na mto, mbali na bwawa la samaki na mbali na bustani. Kwa tangi la lita 5,000 inahitajika gramu 400. Kwa matangi makubwa, ambapo kumwaga maji yote hayo ni hasara, muoneni afisa afya wa kata au ofisi ya RUWASA ya wilaya kabla ya kuanza. Klorini ya unga isichanganywe na kitu kingine chochote, na isikorogwe na mtu aliye ndani ya tangi.

Hatua ya sita: acheni mfuniko wazi kwa muda chini ya uangalizi, hewa ipite, kisha ufungwe vizuri.

Kuzuia ni rahisi kuliko kusafisha

Tangi likirudi katika hali njema, kazi iliyobaki ni kupunguza uchafu unaoingia na kuupa uchafu uliomo njia ya kutoka.

Fagieni paa na gata kabla ya mvua za kwanza, na kateni matawi yanayoinama juu ya bati. Kisha yaacheni maji ya mwanzo yapite pembeni. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Kanisa lenye paa la mita 8 kwa 15 lina mita za mraba 120, hivyo kuosha paa kwa milimita 1 ya kwanza kunahitaji kumwaga lita 120. Pipa la lita 200 lililounganishwa kabla ya tangi linatosha: likijaa kiasi hicho, maji yanayofuata yanaingia tangini. Pipa hilo liwe na koki ya chini ya kulikausha baada ya kila mvua, la sivyo nalo litanuka. Msihofu kwamba mnapoteza maji. Mvua moja ya milimita 30 juu ya paa hilo huleta lita 3,600, na hata tukitoa sehemu ya tano inayopotea hubaki karibu lita 2,900.

Wekeni wavu wa mbu penye maji kuingia na penye maji ya ziada kutoka. Wavu huzuia mbu wa malaria kutaga mayai ndani na huzuia vyura na mijusi. Mfuniko ukae sawasawa, mwanga usipite.

Bomba linaloleta maji lisimwage kutoka juu kama maporomoko, kwa kuwa hukoroga tope la chini kila mvua inaponyesha. Literemke hadi karibu na sakafu na ncha yake igeuke kuelekea juu, ili maji yaingie kwa utulivu.

Mwisho, kila tangi liwe na bomba la kutolea uchafu sehemu ya chini kabisa, na sakafu iwe na mteremko kuelekea hapo. Koki ya kuchotea ibaki juu kidogo kama kawaida; bomba la uchafu liwe tofauti, na lifungwe kwa kifuniko cha nyuzi au kwa koki yenye kufuli. Likifunguliwa kwa dakika chache kila baada ya miezi michache, tope halipati nafasi ya kujikusanya. Kwa matangi ya zamani ya saruji, fundi anaweza kutoboa na kuliweka wakati tangi limekauka.

Neno kwa kamati na kwa wafadhili

Kwa kamati: tunaomba katika kila usharika achaguliwe mtu mmoja mwenye jukumu la tangi, si kamati nzima, kwa maana kazi ya wote mara nyingi huwa haina mwenyewe. Awe na daftari lenye tarehe ya kufagia gata, tarehe ya kusafisha, kiasi cha klorini kilichotumika na jina la aliyefanya. Mchango mdogo wa watumiaji utengwe kwa brashi, mpira na dawa. Na kabla hamjatuandikia kuomba tangi jipya, tafadhali funueni lile mlilo nalo mkaangalie chini.

Kwa wafadhili wetu wapendwa: tunashukuru kwa kila tangi mlilotusaidia kujenga. Tunakiri kwamba katika maandiko yetu ya miradi ya awali tulihesabu saruji, bati, gata na koki, tukasahau bomba la chini, mafunzo na siku ya kusafisha. Gharama ya vitu hivyo ni ndogo ukilinganisha na tangi lenyewe, lakini bila hivyo tangi linaweza kusimama likiwa zima, limejaa, na lisimsaidie mtu. Tunawaomba mnapopitia bajeti zetu mtuulize: "Maji ya chini yatatoka wapi?" Swali hilo halitatukwaza.

Katika usharika ule akina mama ndio waliomaliza kazi, wakiwa nje na ndoo, matambara na mpira wa maji. Fundi alitoboa tundu la chini akaweka bomba. Mvua zilipofika tangi lilijaa, na barua ya kuomba tangi la pili iliondolewa katika jalada kwa ombi la kamati yenyewe. Waya uliofunga koki ulitolewa. Sasa koki ina kufuli, na ufunguo anao mama mmoja anayeishi jirani na kanisa.

Katika kitabu cha Kutoka sura ya 15 tunasoma kwamba wana wa Israeli walifika mahali palipoitwa Mara, wakakuta maji machungu yasiyonyweka. Jina hilo halina uhusiano na mkoa wetu, ila habari yenyewe inatufaa. Mungu hakuwapeleka kwanza kwenye maji mengine. Aliyaponya yale yaliyokuwa mbele yao. Nasi tuanze na maji tuliyopewa.